Gia ya Usukani na Fundi Aliyetoka Uvira

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi ya mkaa nyumbani kwetu Rusimbi, akiamini kwamba mtu aliyeajiriwa serikalini anakwenda kukaa mezani. Fomeni wa karakana, mzee mfupi wa Tabora aliyezungumza taratibu, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akaniuliza kama natoka harusini. Kisha akanipeleka kwenye pikapu moja iliyoegeshwa karibu na uzio wa reli, akaufungua mlango, akaniambia nilale chali chini ya usukani. Ilipofika saa ya chakula lile shati halikuwa shati tena.

Ninyi mnaojifunza ufundi leo mmezoea gari ambalo mkono wa gia umesimama sakafuni, kati ya dereva na abiria. Pikapu zetu nyingi hazikuwa hivyo. Mkono wa gia ulichomoza pembeni mwa nguzo ya usukani, chini kidogo ya gurudumu lenyewe, na dereva aliuvuta kwake, akaupandisha au kuushusha. Ndani ya ile nguzo mlikuwa na bomba jembamba lililozunguka pamoja na mkono, na chini kabisa, upande wa injini, bomba lilishika rodi mbili zilizokwenda mpaka kwenye giaboksi. Tuliziita gia za usukani. Dereva alizipenda kwa sababu watu watatu walikaa mbele bila kubanana magoti. Fundi hakuzipenda, maana kila kitu kilifichwa, na kilichofichwa kilishika kutu.

Mkono huo ulishikwa na pini moja tu, nene kama penseli, iliyopita katikati ya shingo yake. Siku ile Fomeni alitaka niutoe. Nilichukua nyundo. Akanishika kifundo cha mkono.

"Unapiga nini?"

"Pini, mzee."

"Imeingilia upande gani?"

Sikujua. Akanifundisha, nami nawafundisha ninyi kama alivyosema. Kwanza tairi zizuiwe kwa magogo, kwa sababu gari lisilo na gia halina adabu, litateremka tu. Waya wa betri ufunguliwe, maana waya wa honi unapita humo humo. Gia iwekwe huru. Halafu uisugue shingo mpaka chuma king'ae, uzione ncha mbili za pini. Moja ni nyembamba kuliko nyingine, na huko kwenye wembamba ndiko unakopigia. Usitumie msumari, tumia panchi, yaani kile chuma kigumu chenye ncha bapa, kidogo kuliko tundu. Chini ya shingo ushike chuma kizito kipokee pigo, la sivyo utalipinda lile bomba la ndani, na bomba likipinda gari zima limekufa. Mwisho ufunike kitambaa, kwa sababu nyuma ya pini kuna springi, na springi ikiruka itatafuta jicho lako.

"Hii kazi si ya nguvu," Fomeni aliniambia. "Ni ya kusikiliza. Pini ikikubali, sauti ya nyundo inabadilika."

Niliisikia sauti hiyo alasiri ile ile. Sijui niwaelezeje raha yake. Niliutoa mkono wa gia, nikaupokea mapajani, na tangu hapo nikawa mtu wa gia za usukani. Kwa miaka mingi gari likisumbua gia, liwe la Kasulu, la Uvinza au la wavuvi wa Katonga, watu walisema, "Mpelekeeni Sadiki." Fomeni alipostaafu, mkubwa aliyemfuata alikuwa akiniita mbele ya wageni anionyeshe kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake bora. Nilizoea. Mtu akizoea kutajwa hivyo, hadhani kwamba kuna siku litatajwa jina jingine.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Wa Burundi tulikuwa tumewapokea tangu zamani, lakini safari hii walikuja kwa makundi yaliyojaza barabara, na baada yao vita vya ng'ambo vikawatupa Wakongo ziwani. Mashirika ya misaada yakafungua ofisi mjini. Moja likanichukua niwe Fundi Kiongozi wa karakana yake. Magari yake mapya yalitunzwa na vijana waliotoka mikoa mingine. Mimi nilipewa zile pikapu kuukuu za kukodi, zilizobeba mahindi, mablanketi na wagonjwa. Meneja wa Karakana alikuwa bwana mmoja wa Bukoba, mpole, mwenye kupenda kazi iishe bila kelele.

Asubuhi moja alikuja na mtu mrefu aliyebeba furushi la kitenge. Ndani ya kitenge, badala ya nguo, mlikuwa na spana.

"Huyu ni Byamungu, ametoka Uvira," alisema Meneja. "Alikuwa na gereji huko. Ameshuka Katonga na mtumbwi, ana mke na watoto. Atasaidia kwa kibarua."

Yule mtu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Yaya Sadiki, nafurahi sana kukujua."

Karakana nzima ilicheka. Kwao ng'ambo yaya ni kaka mkubwa, ni neno la heshima. Kwetu, kama mjuavyo, yaya ni mtu anayelea watoto wa wengine. Byamungu alipoelezwa alicheka kuliko wote, akaomba radhi, na kesho yake akaniita hivyo hivyo tena kwa sababu ulimi wake haukuwa na neno jingine. Jina likanishika. Nikawa yaya katika karakana yangu mwenyewe.

Nilianza kumwonea wivu kabla sijamwona akishika nyundo. Nilimwonea wivu kwa namna alivyokuwa akicheka. Alikuwa amepoteza nyumba, gereji na mdogo wake, lakini aliingia kazini akisalimia kila mtu kwa jina, na watu waliokuwa wananiogopa mimi walikwenda kukaa karibu naye wakati wa chai.

Halafu nikamwona akishika nyundo. Ilikuwa pikapu ya Kifaransa, ya zamani kuliko zote tulizokuwa nazo. Nilikuwa nimehangaika na pini yake tangu asubuhi, kichwa chake kimevimba kwa mapigo ya mafundi waliotangulia, nikamwambia Meneja hapa ni kutoboa kwa keekee. Byamungu alikuwa anapita. Akauliza kama anaweza kujaribu. Kwao, akasema, pikapu hizi zilikuwa nyingi. Akaichonga ile ncha iliyovimba kwa tupa, bila haraka, huku akizungumza na dereva habari za samaki. Akatia mafuta kidogo, akaenda kunywa maji, akarudi. Akapiga mara chache, mapigo mepesi, na mimi niliyesimama nje ya mlango nikaisikia sauti ikibadilika.

"Ndiyo vile," alisema, akanikabidhi pini kiganjani. "Wewe ulikwisha kuilegeza, yaya. Mimi nimemaliza tu."

Haikuwa kweli. Sikuilegeza. Meneja alimpiga bega, akamwita fundi. Niliifumba ile pini kiganjani, nikaenda kutafuta kazi nyingine.

Nyumbani nako sikupata nafuu. Mke wangu, Mwamvua, ni wa ukoo uliotoka ng'ambo, kama wengi wa Ujiji, na bibi yake alikufa akiizungumza lugha ya huko. Alipokutana na mke wa Byamungu sokoni walikumbatiana kama ndugu waliopotezana. Basi ikawa sombe, yaani kisamvu, inapikwa kwangu na bakuli la kwanza linakwenda kwao, katika chumba walichopanga Kasingirima. Byamungu alikuja kushukuru, akakaa ukumbini kwangu, akamwita mke wangu dada, akamchekesha mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi na Mwamvua tulikuwa na miaka mingi ndani ya ndoa. Sikukumbuka ni lini nilimchekesha hivyo.

"Mtu mzuri sana yule," alisema mgeni alipoondoka.

"Anaongea mno," nilijibu.

"Na wewe je? Tangu aje umekuwa kama mtu aliyemeza mfupa."

Nilitoka nje nikajifanya natazama bati la jiko.

Baada ya miezi kadhaa likatoka agizo kwamba wakimbizi wote walioko mjini wapelekwe makambini. Malori yakaanza kupita mitaani. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Naweza kumwombea kibali Byamungu abaki," alisema. "Lakini nitaulizwa kama kweli hakuna raia wa kuifanya kazi yake. Fundi Kiongozi ni wewe. Ukisema unamhitaji, nitaomba. Ukisema humhitaji, sitaomba. Sitaki kusema uongo kwa wakubwa."

Angenipa mfuko wa mawe nibebe ningeona afadhali. Nilimwambia anipe siku chache nifikirie. Akaufungua mlango, akasema, "Usichelewe. Malori hayanisubiri mimi."

Siku zile nililala vibaya. Ilitosha niseme, "Tunajitosheleza," nalo lingekuwa neno la kawaida ambalo hakuna ambaye angelinyooshea kidole. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa nimelipanga mdomoni. Kila nikifika karakana, namkuta Byamungu amekwisha kufagia upande wangu.

Hapo ndipo tulipoitwa Katonga. Boti ilikuwa imeleta mama mjamzito kutoka vijiji vya mwambao wa kaskazini, kusikofika gari. Uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Pikapu ya kumpeleka hospitali ilikuwa ile ile ya Kifaransa, na dereva alipotaka kuondoka, mkono wa gia ukamlegea mkononi kama kijiti kilichokatika. Meneja akatutuma mimi na Byamungu, kwa kuwa gari jingine la kumchukua mama halikuwapo, yote yalikuwa barabara ya Kasulu na mahindi.

Tulimkuta yule mama amelazwa nyuma ya pikapu, juu ya godoro, mama mkwe wake akimpepea kwa kipande cha boksi. Hakuwa akilia tena. Hilo ndilo lililonitisha. Mumewe, mvuvi kijana, alitushika mikono sote wawili, akachanganya Kiha na Kiswahili mpaka maneno yakamwishia.

Niliingia ndani nikatazama. Pini ilikuwa imekatika katikati. Vipande viwili vimebaki ndani ya shingo, na mkono ukawa haushiki kitu.

"Tufungue boneti," nilimwambia Byamungu. "Tuisukume rodi kwa mkono, tuweke gia ya pili, dereva aende nayo hiyo hiyo mpaka hospitali."

Aliutazama mlima wa kutoka Katonga, akaitazama pikapu. "Yaya, na mlima? Ikizimika katikati na huyu mama nyuma?"

Alikuwa sahihi, na nilichukia kwamba alikuwa sahihi. Tukaamua kuvitoa vile vipande na kutia pini mpya. Pini hatukuwa nayo. Nikakimbilia kwa mafundi wa mitumbwi pale ufukweni, nikaomba msumari wao mnene kuliko yote, ule wa kushikia mbao za chini. Walinipa na tupa juu yake. Niliukata na kuupunguza unene nikiwa nimeubana kwenye ubavu wa mtumbwi, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakaacha kazi wakasogea kutazama.

Niliporudi, Byamungu alikuwa amekwisha kusugua shingo na kuzuia tairi kwa magogo. Watu walilizunguka gari. Nilijua kitakachofuata. Angepiga yeye, mapigo yake mepesi, na Katonga yote ingemwona.

Akatoka kwenye kiti, akanipisha. Akainama upande wa pili, akaweka chuma kizito chini ya shingo ya gia, akakishikilia kwa vidole vyake.

"Piga wewe, yaya," alisema. "Mimi nashika."

"Wewe unaijua gari hii."

"Wewe ndiye mukubwa. Piga."

Nafasi ilikuwa finyu. Nyundo yangu ilipaswa kupita karibu kabisa na mkono wake, na jasho lilikuwa likiniingia machoni. Mtu ambaye kwa siku kadhaa nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwondolea alikuwa ameweka vidole vyake chini ya nyundo yangu, wala hakuitazama nyundo, aliitazama pini. Nilipiga. Nikapiga tena. Nyuma yetu mama mkwe alikuwa akinong'ona, "Yemama we, yemama we," kwa sauti moja, bila kupumzika. Kipande cha kwanza kikatoka, kikaanguka sakafuni. Cha pili kikagoma, kisha sauti ikabadilika, na sote wawili tukatazamana kwa wakati mmoja kwa sababu sote wawili tuliisikia.

Tulichomoa mkono, tukafuta uchafu, tukarudisha springi, tukaingiza ule msumari wa mtumbwi, nikaukunja ncha usitoke. Dereva akatia gia ya kwanza. Ikakubali. Pikapu ikapanda mlima ule ikilia, na mvuvi amesimama nyuma amemshika mkewe asitikisike. Jioni tulipata habari kwamba alipasuliwa, na mama na mtoto ni wazima.

Pale ufukweni watu walinipongeza mimi, kwa sababu walimwona anayepiga. Byamungu alisimama kando akinawa mikono ziwani, akicheka na wanawake wa dagaa. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimepewa ile sifa na yeye, kama unavyompa mtu kiti, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Nilikuwa nimekwisha kumwonea wivu wa mikono yake na wa kicheko chake. Sasa nilimwonea wivu wa moyo wake, na huo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa dawa yake haiuzwi dukani wala haifundishwi karakana.

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja kabla sijavaa ovaroli.

"Namhitaji," nilisema.

"Una hakika?"

"Nimesema namhitaji, bwana."

Kibali kikatoka. Byamungu alibaki miaka yote ya vita. Shirika lilipofungua karakana ya pili Kasulu, karibu na makambi, lilihitaji mkuu wa karakana huko, cheo cha juu kuliko changu, na Meneja akamchagua yeye, si mimi. Aliniambia kwa upole, kwamba watu wa kule wanamwelewa, anazungumza nao lugha zao. Nilijibu kwamba amechagua vizuri, nikarudi kwenye pikapu niliyokuwa nikiifungua, nikakaa ndani yake mpaka chai ikapoa. Ningeweza kumfanya asiwepo kabisa. Sikufanya hivyo, na badala yake nikamwona akipanda cheo kunizidi. Sijutii. Lakini asije mtu akawaambia kwamba ukitenda jambo jema moyo unatulia siku hiyo hiyo. Wangu haukutulia.

Amani ilipopatikana kwao, alirudi Uvira na familia yake. Alipita nyumbani kuaga. Mwamvua alimfungia samaki wakavu wa ziwani, migebuka, na unga wa muhogo, akalia waziwazi. Mimi nilimsindikiza mpaka bandarini. Alinikumbatia, akaniambia, "Yaya, nisalimie pikapu." Nikamwambia nitazisalimia.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi, kwa mameneja wengine, na pikapu za gia za usukani zikawa zinapungua, nyingine zikauzwa vyuma chakavu, nyingine zikawa mabanda ya kuku. Nilipostaafu waliniandalia soda na wali. Meneja wa wakati huo, kijana ambaye hakumkuta Byamungu, alisimama akahutubia kwamba karakana hii ilijengwa na mafundi wawili wakubwa, akanitaja mimi, kisha akamtaja yule wa Uvira ambaye alikuwa amesimuliwa habari zake. Hata siku ile sikutajwa peke yangu. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kisha mwaka jana ikaja habari kwamba Byamungu amefariki. Ndugu zake waliobaki Kasingirima waliweka msiba. Mwamvua alijifunga kanga nyeusi asubuhi na mapema, macho yamemvimba, na nikiwa namtazama akijiandaa, ninyi mnaweza msiamini, nilimwonea wivu hata marehemu. Nilijiuliza kama mimi nitaliliwa hivyo.

Tulikwenda. Walikuwapo Wakristo wa kanisa lake na Waislamu wa mtaani, wamekaa kwenye mikeka pamoja. Mchungaji alipomaliza sala akauliza kama kuna aliyefanya kazi na marehemu, aseme neno. Vichwa vikanigeukia. Nilisimama kwa kushika ukuta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kawaida, kwamba alikuwa mchapakazi na mcheshi. Nilipofungua mdomo nikawaeleza habari za Katonga. Nani alishika chuma na nani alipiga, na kwa nini. Kisha nikasema, "Watu wengi hapa wananijua kwa gia za usukani. Byamungu alikuwa fundi kunizidi. Nimelijua hilo tangu wiki yake ya kwanza, na sijawahi kumwambia mtu."

Hakuna aliyeshangaa. Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kwamba ziwa lina maji. Mwamvua peke yake ndiye aliyeinua uso akanitazama, na tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu alinishika mkono barabarani, jambo ambalo hatukuwa na kawaida nalo.

Nilidhani baada ya kusema vile ningepona. Sikupona. Vijana wa gereji za mtaa wa Mwanga wananifuata hadi leo wakipata gari la zamani, nami nakaa kwenye stuli yao nikiwaelekeza pini imeingilia upande gani. Mmoja wao akisema ameambiwa palikuwa na Mkongo mmoja hodari sana, bado wivu unanishika, katika umri huu. Kwa hiyo siku hizi sisubiri waseme wao. Nikikaa tu, kabla hawajanipa nyundo, mimi mwenyewe namtaja Byamungu kwanza.